Una uhakika? Swali hili liwekwe penye pesa

Makala ya leo ni maoni, na tunajua baadhi yenu hamtakubaliana nasi, hasa mafundi wa kompyuta. Ni sawa. Tunasema hivi: hati yenye msimbo ndani yake haifai kukuuliza "una uhakika?" kila saa. Iulize pale pesa inapotoka. Pengine popote swali hilo likizidi, linakuharibia macho, na siku ya hatari utalijibu bila kulisoma.

Tunaelewa kwamba ushauri wa kawaida wa usalama ni kinyume cha huo. Ushauri wa kawaida ni "washa maonyo yote, uliza kila kitu." Unasikika vizuri kwenye semina. Lakini angalia mtu akilipa kwa simu kwenye duka lenye foleni. Jina la mpokeaji limetokea, kiasi kimetokea, na kidole tayari kiko kwenye tarakimu ya kwanza ya PIN. Huyu mtu si mjinga. Ameulizwa swali lilelile mara mia tano na mara zote jibu lilikuwa ndiyo. Mkono ushajifunza jibu, macho hayahitajiki tena.

Sasa wacha tuje kwenye hati zenyewe, kwa sababu wengi wenu wenye biashara mmeanza kuzitumia, wenyewe au kupitia kijana anayewafanyia mambo ya kompyuta.

Tunaongea kuhusu faili la maandishi matupu. Halina rangi, halina jedwali la kupendeza, ni herufi tu, kama ujumbe wa SMS mrefu. Katikati ya maelezo yako kuna bloku ya msimbo, yaani mistari michache ya programu iliyozungushiwa alama ya mwanzo na alama ya mwisho. Juu umeandika "Hawa ndio waliofanya kazi wiki hii", chini yake kuna orodha ya majina na siku, halafu bloku inayojumlisha. Unabonyeza vitufe, kompyuta inaendesha bloku, na jibu linajiandika palepale chini yake. Wiki ijayo unabadilisha siku, unabonyeza tena, jibu jipya. Maelezo, hesabu na jibu vyote vinakaa pamoja kwenye faili moja ambalo hata simu ya bei ya chini inaweza kulifungua na kulisoma.

Programu inayojulikana sana kwa kazi hii ni Org, inayokuja ndani ya Emacs. Ilianzishwa mwaka 2003 na mwanaastronomia mmoja, Carsten Dominik, aliyetaka tu mahali pa kupanga kazi zake. Sehemu ya kuendesha msimbo inaitwa Babel. Waliiandika Eric Schulte na Dan Davison, na ikaingia rasmi kwenye Org toleo la 7 mwaka 2010. Kuna wengine wa ukoo huohuo, kwa mfano R Markdown, ambayo waliosoma takwimu chuo kikuu wanaijua vizuri.

Tunazipenda hati hizi. Mhasibu akiulizwa "hii jumla umeitoa wapi?", hatafuti karatasi wala hajitetei, anaonyesha mstari. Kwa biashara ambayo hesabu zake zilikuwa kwenye kichwa cha mwenye duka na daftari lililoloa chai, hiyo ni hatua kubwa.

Lakini faili linaloweza kuhesabu linaweza pia kutuma. Msimbo ni msimbo tu. Bloku ileile inayojumlisha mishahara inaweza, kwa mistari kumi zaidi, kupiga hodi kwenye API ya malipo na kusema: lipa.

Chukua mfano. Tuseme kuna biashara ya mitumba ya jumla pale Gikomba, yenye vibarua 14: wa mkokoteni, wa kupanga mizigo, na boda wawili. Kila Jumamosi jioni kila mmoja anapata shilingi 1,800. Jumla ni 25,200. Hati yao ina bloku tatu. Ya kwanza inajumlisha. Ya pili inakagua nambari za simu zisiwe na tarakimu iliyopungua. Ya tatu inatuma maombi ya malipo na kuandika majibu chini yake, ili mwenye mali aone nani amepokea.

Jumamosi saa kumi kila kitu kinaenda sawa. Jumatatu asubuhi mwenye mali anataka ripoti ya PDF. Mhasibu anafungua faili, anaamuru programu itoe PDF, na hapo ndipo penye shida. Kwenye Org, bloku ambayo umesema matokeo yake yaonekane kwenye hati huendeshwa upya wakati wa kutoa hati hiyo. Haiendi kuchukua jibu la Jumamosi. Inafanya kazi upya. Kwa bloku ya kujumlisha hilo ni jambo zuri kabisa, jumla inakuwa mpya daima. Kwa bloku ya tatu, maana yake ni kwamba kuomba PDF ni kulipa mishahara.

"Lakini si Org inauliza?" Ndiyo, inauliza. Tangu mwanzo imewekwa iulize kabla ya kuendesha bloku yoyote, na inataka uandike neno zima la kukubali, sio herufi moja. Hilo ni la kusifiwa. Kwa hiyo mhasibu wetu wa kufikirika anaulizwa mara tatu kabla PDF haijatoka. Bloku ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo. Ya tatu... Mwenye mali amesimama nyuma yake anangoja. Utafikiri anasoma la tatu?

Saa nne vijana wanaanza kupiga simu. Mmoja anasema, "Mkubwa, asante kwa bonasi." Wawili wamezima simu. Mmoja wa boda ashajaza mafuta na kulipa deni la kibandani, na kusema kweli hana kosa, kwani pesa imekuja kwa jina la mwajiri wake. Kurudisha malipo kunawezekana tu pesa ikiwa bado iko. Isipokuwepo, mnabaki na mazungumzo ya kukatana wiki ijayo, na mnajua mazungumzo hayo huishia wapi.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila hatua ndani yake ni jinsi programu inavyofanya kazi kweli. Na tuangalie kilichokosekana. Onyo lilikuwepo, tena mara tatu. Tatizo ni kwamba maonyo yote matatu yalifanana.

Historia inatuunga mkono hapa. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea kwa faili la Word. Ndani ya hati kulikuwa na programu ndogo, na ukiifungua ikajiendesha, ilijituma kwa watu 50 wa kwanza kwenye orodha yako ya anwani. Mei 2000 kikaja kingine kutoka Ufilipino, faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Herufi za mwisho kabisa, zile zinazosema hii ni programu, Windows ilikuwa inazificha kwa kawaida, kwa hiyo watu waliona faili la maandishi matupu, barua ya mapenzi, nani asingefungua? Kwa miaka mingi baadaye njia ya kujikinga na programu za ndani ya hati za Office ilikuwa mstari wa manjano juu ya hati wenye kitufe cha kuruhusu. Watu walikibonyeza. Walaghai hata waliandika ndani ya hati yenyewe maelekezo ya jinsi ya kukibonyeza. Ni mwaka 2022 tu ambapo Microsoft iliamua kwamba programu za ndani ya hati zilizotoka kwenye intaneti zizuiwe kabisa tangu mwanzo, bila kitufe cha haraka cha kuruhusu.

Zaidi ya miaka 20, basi, kutoka "tukuulize" hadi "hapana". Kampuni kubwa kama hiyo. Sisi tunaona somo liko wazi: kwa hati ya mtu mwingine jibu la kwanza liwe hapana, na kwa hati yako mwenyewe swali liwe adimu kiasi cha kukushtua.

Kuna kundi la pili ambalo pia hatukubaliani nalo, na hili ni kubwa zaidi. Ni wale waliochoka na maswali wakayazima yote. Ukitafuta namna ya kufanya Org isiulize, utapata mstari mmoja wa kunakili: org-confirm-babel-evaluate unapewa nil, basi, kimya. Umenakiliwa na watu wengi mno. Kwa mtafiti anayechora grafu nyumbani kwake, sawa. Kwa hati iliyo karibu na akaunti ya biashara, ni kama kumwachia mtu simu yako ikiwa na PIN imebandikwa nyuma.

Kisha kuna mtego mdogo ambao hata mafundi huusahau. Faili la Org linaweza kubeba ombi lake lenyewe la kuzima swali. Emacs ina akili hapo: inalichukulia ombi la namna hiyo kuwa la hatari na inasimama kukuuliza kabla ya kulikubali. Lakini kati ya majibu inayokupa kuna alama ya mshangao, ambayo maana yake ni "kubali na ukumbuke daima". Kinachokumbukwa ni ule mpangilio na thamani yake. Jina la faili halimo kwenye kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo ukibonyeza alama hiyo kwa sababu ya faili lako la hesabu, siku nyingine faili la mgeni likija na ombi lilelile litapita bila kubishwa. Ukikutana na swali hilo, jibu n na uendelee na maisha.

Basi swali liwekwe vipi? Tutaongea kwa Org kwa sababu ndiyo inayotoa nafasi nzuri zaidi ya kupanga, na wenye programu nyingine watatafuta vya kwao.

Kila bloku kwenye Org inaweza kupewa neno :eval kwenye mstari wake wa juu, na neno hilo ndilo linaloamua lini iendeshwe. Ukiandika never, bloku haiendeshwi kamwe, hata ukiibonyeza. Ukiandika query, itauliza kila mara, hata kama maswali mengine yote yamezimwa. Ukiandika never-export, unaweza kuiendesha kwa mkono, lakini wakati wa kutoa PDF haiguswi. Kuna na query-export, ambayo inauliza wakati wa kutoa hati.

Kwa ile biashara ya Gikomba, dawa ni never-export kwenye bloku ya malipo. Uzuri wake ni kwamba majibu ya Jumamosi, yale yaliyoandikwa chini ya bloku, yanabaki palepale na yanaingia kwenye PDF ya Jumatatu kama yalivyo. Mwenye mali anaona nani alipokea. Hakuna aliyelipwa tena. Neno moja tu, na shida yote ya mfano wetu imeisha.

Unaweza pia kuliweka kwa faili zima, kwa mstari mmoja juu kabisa:

#+PROPERTY: header-args :eval never-export

Hapo bloku zote zinalindwa wakati wa kutoa hati. Lakini kuwa mwangalifu na jambo hili, maana linawanasa hata watu wenye bidii. Neno :eval linabeba thamani moja tu kwa bloku. Mtu anaweka never-export juu ya faili, kisha kwa sababu ya kutaka usalama zaidi anaandika query kwenye bloku ya malipo. Anadhani amejumlisha ulinzi mara mbili. Hapana. Ile query ya bloku imefuta never-export ya faili, na sasa kutoa PDF kutaleta swali badala ya kukataa. Amefungua mlango akidhani anaongeza kufuli. Kwenye bloku ya malipo neno liwe never-export, na swali la kuuliza kabla ya kuendesha kwa mkono litoke kwingine.

Huko kwingine ni ule mpangilio wa jumla ambao watu huuzima. Haukuumbwa kuwa swichi ya kuwasha na kuzima tu. Unaweza kuupa kanuni, na Org itaipa kanuni hiyo jina la lugha ya bloku pamoja na maandishi yaliyomo, kisha kanuni inaamua: uliza au usiulize. Sisi tungeweka masharti mawili. Faili liwe ndani ya folda yako ya hesabu, na bloku isiwe na anwani ya API ya malipo. Yote mawili yakitimia, endesha bila kuuliza. Moja likikosekana, uliza. Kijana wako wa kompyuta ataiandika kwa mistari sita saba. Mwambie tu asiifiche anwani ya malipo kwenye faili la pembeni ambalo bloku inaliita kwa jina, kwa sababu hapo kanuni haitaiona.

Ukifanya hivyo, siku nzima unafanya hesabu zako bila kusumbuliwa. Jumla, asilimia, kulinganisha taarifa ya akaunti na daftari la mauzo, vyote vinapita. Halafu Jumamosi saa kumi, kwa mara ya kwanza wiki nzima, kompyuta inasimama na kuuliza. Hapo utasoma.

Na usome nini? Hapa kuna kitu kidogo ambacho sisi wa upande wa elimu kwa wateja kilitufurahisha sana tulipokigundua. Ukiipa bloku jina, Org inalitaja jina hilo ndani ya swali. Bila jina, swali linasema kwa jumla kwamba kuna bloku ya Python, iendeshwe? Ukiandika juu yake

#+NAME: LIPA_VIBARUA_14_JUMLA_25200

swali linakuja likiwa na maneno hayo. Si unaona? Ni jambo lilelile la jina la mpokeaji kutokea kabla ya PIN. Mtu hawezi kukagua kitu ambacho hakijatajwa. Jina hilo halijibadilishi lenyewe, ndiyo, ikiwa vibarua wamekuwa 15 itabidi mtu aliandike upya. Kwetu hiyo ni faida. Kuandika "15" kwa mkono ni nafasi ya kujiuliza huyo wa kumi na tano ni nani.

Kuhusu hati zinazotoka kwa watu wengine tutakuwa wafupi. Umetumiwa faili lenye mfano wa kuunganisha malipo, labda kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara. Lifungue kwa programu ya kusoma maandishi tu, isiyojua kuendesha chochote. Soma. Nakili mistari unayoihitaji. Usiliendeshe kama lilivyokuja. Na programu yako iwe mpya: Machi 2024 Emacs ilitoa toleo 29.3 kwa dharura, na Juni 2024 ikatoa 29.4, kwa sababu ilionekana kwamba faili la Org lililopangwa kwa hila lingeweza kuendesha amri wakati tu wa kulifungua, kabla ya swali lolote. Yaani swali letu zuri lote tulilolisifia lingerukwa. Ukiwa na toleo la chini ya hapo, sasisha leo, kabla ya chakula cha mchana.

Wenye R Markdown, nyinyi hali yenu ni tofauti kidogo na inatupa wasiwasi. Ukibonyeza Knit, vipande vyote vinaendeshwa toka juu hadi chini bila swali, isipokuwa vile ulivyoviandikia eval=FALSE. Kwa ripoti ya takwimu huo ndio utaratibu mzuri. Lakini maana yake ni kwamba usalama wote uko kwenye neno moja ambalo mtu lazima akumbuke kuliandika, na asipokumbuka hakuna wa kumkumbusha. Kwa maoni yetu, bloku ya kutuma pesa isikae kabisa kwenye hati ya aina hiyo.

Tunajua kuna watakaouliza: kwani malipo yanatafuta nini ndani ya hati? Si afadhali hati itengeneze orodha tu, kisha orodha ipandishwe kwenye tovuti ya malipo, mtu mmoja atayarishe na mwingine aidhinishe? Kwa biashara yenye watu wawili wanaoaminika ofisini, ndiyo, fanyeni hivyo, na tutafurahi. Lakini biashara nyingi tunazozihudumia zina mtu mmoja anayefanya yote, anayelipa akiwa kwenye matatu au akifunga duka, na kumwambia atafute mwidhinishaji ni kumwambia asilipe. Atafanya njia ya mkato tu. Tunaona ni heri njia yake ya mkato iwe na kizingiti kimoja kizuri kuliko vizingiti kumi anavyoruka kila siku.

Hata hivyo kuna jambo ambalo kizingiti pekee hakitoshi. Mkono ukiteleza, au mtandao ukikatika katikati na ukabaki hujui kama ombi lilifika, utabonyeza tena. Kila mtu hubonyeza tena. Kwa hiyo bloku ya malipo yenyewe iandike kwenye faili la kumbukumbu kabla ya kutuma: wiki gani, nani, kiasi gani. Na kabla ya kutuma isome faili hilo kwanza. Ikikuta wiki hiyo na jina hilo tayari vimo, isimame na iseme. Hapo mtu atafungua taarifa ya akaunti aone kama pesa ilitoka, badala ya kubahatisha. Mifumo ya malipo nayo kwa kawaida hukuruhusu kulipa ombi nambari yake ya kipekee. Nambari hiyo itengenezwe kutokana na wiki na mtu. Isitengenezwe kwa bahati nasibu kila unapobonyeza, maana hapo kila kubonyeza kunaonekana kwa mfumo kama malipo mapya kabisa.

Na tafadhali, funguo za API zisikae ndani ya hati. Faili la maandishi matupu linasomeka na yeyote aliyelipata, hilo ndilo tulilolisifia mwanzoni, na ndilo linaloifanya iwe mahali pabaya pa kuhifadhi siri.

Kabla hujaiamini mipangilio hii na pesa halisi, itumie kwenye mazingira ya majaribio ya API, yale yasiyogusa akaunti yoyote. Endesha bloku ya malipo mara moja kwa mkono, uone kama swali limekuja na kama lina jina. Kisha toa PDF mara mbili mfululizo, bila kugusa kitu kingine, na uhesabu maombi mapya yaliyofika upande wa pili. Hesabu isipokuwa sifuri, rudi kwenye mstari wa :eval.